Choo Kiko Wapi? Kupunga Upepo Mwanza na Watoto Wadogo

Tulikuwa tumeshaliona Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu uliosimama ziwani, zimebaki kama hatua mia mbili hivi, binti yangu wa miaka mitatu alipovuta suruali yangu na kutamka neno moja: "Mkojo." Mtoto wa umri ule hatoi taarifa mapema, anatangaza jambo ambalo limeshaanza. Nikatazama upande mmoja: ziwa. Upande wa pili: barabara, ukuta, geti, ukuta mwingine. Kaka yake wa miaka sita, ambaye kwake dunia nzima ni choo, akapendekeza mti. Mama yao akamkata jicho. Tukakimbilia mgahawa uliokuwa jirani, na dada wa pale, kwa adabu zote, akatueleza kwamba choo ni cha wateja. Basi tukawa wateja. Soda nne. Soda unajua inakokwenda: nusu saa baadaye tulikuwa tumerudi palepale, safari hii wenye shida tukiwa watatu, na dada akatuuliza kama tutaongeza nyingine.

Tangu siku hiyo matangazo ya utalii wa ndani nayasikiliza kwa sikio jingine. Yanasema njooni mwone. Hayasemi mtajisaidia wapi. Na nimefika mahali pa kuamini kwamba Mwanza haina shida ya vivutio kwa familia zenye watoto wadogo. Inavyo hadi vya kugawa. Ziwa Victoria lenyewe ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko yote Afrika. Miamba imezagaa kuanzia katikati ya mji hadi nyuma ya jiko la mtu. Hifadhi ya taifa iko ndani ya jiji, unaiona ukiwa umesimama ufukweni. Kinachomrudisha mzazi nyumbani kabla ya saa nne asubuhi ni vitu vitatu ambavyo hakuna anayevipiga picha: choo, kivuli, na mahali salama pa kukanyaga. Mji ukiwa na hivyo vitatu, mtoto atajitafutia kivutio mwenyewe.

Tuangalie kwanza jinsi tunavyotoka. Ikifika Idd au Krismasi, watoto wanavalishwa nguo mpya na viatu vinavyobana, wanapakiwa kwenye daladala (wadogo wanapakatwa, maana konda akishasema "mzee, mpakate mtoto", hapo umeokoa nauli moja na kupoteza mapaja yote mawili), safari mpaka mahali penye bwawa, mabembea na muziki mkubwa. Kiingilio kinalipwa. Chipsi zinaagizwa, zinachukua saa nzima kufika, zinafika za moto mno kwa mtoto na zimepoa mno kwa baba. Saa tisa alasiri mmoja amelala begani, mwingine amepoteza kiatu, na wazazi hawasemeshani. Usiku tunaweka picha kwenye simu, watu wanatuandikia kwamba tumependeza.

Sina ugomvi na bwawa. Nitalitetea mbele kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba siku nzima imepimwa kwa kipimo cha mtu mzima: kufika, kulipa, kukaa, kula, kurudi. Mtoto wa chini ya miaka sita hana habari ya kufika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, likasema wa mwaka 1 hadi 4 wanahitaji dakika zisizopungua 180 kwa siku za kuuchezesha mwili kwa namna yoyote ile, na kwamba wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Dakika 180 zinatisha ukizisoma kama mzazi aliyechoka. Lakini hazitakiwi kuwa za mfululizo, wala hakuna hata moja inayohitaji tiketi. Kupanda jiwe, kushuka jiwe, kuinama kuokota kifuniko cha soda, kukimbiza kuku wa watu: zote zinahesabiwa.

Na kwa kupanda mawe, Mwanza iko tajiri kupita kiasi. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Kuna mjusi wa mawe ambaye ukimtaja mbele ya watoto wa mjini wanamjua kabla hawajamwona, kwa sababu dume lake kichwa na mabega ni mekundu yanayoelekea zambarau na kiwiliwili kilichobaki ni buluu iliyokolea, rangi zilezile za yule shujaa wa katuni anayetambaa ukutani. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu: Agama mwanzae. Jike lake ni la kahawia, limetulia, linafanana na jiwe. Sisi tulipokuwa wadogo tulimrushia mawe, tukiamini kwamba kile kichwa anachokitikisa juu na chini ni dhihaka kwetu. Kumbe hakuwa na habari na sisi. Anawaambia madume wenzake kwamba jiwe hili lina mwenyewe. Asubuhi, jua likianza kugusa miamba, anatoka kuota joto, kwa sababu damu yake haina moto wake mwenyewe. Hapo ndipo anapokuwa mzito wa kukimbia na rahisi wa kutazamwa. Mwanangu wa miaka sita alikaa kimya dakika nyingi kumtazama mmoja. Mwenye mtoto wa miaka sita anajua ukimya wa namna hiyo bei yake.

Nililipa shilingi ngapi kwa onyesho hilo? Sifuri. Lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Nyasaka, kwenye mlima wa mawe ambao nilikuwa nimeishi chini yake miaka minne bila kuupanda. Najua si mimi peke yangu. Watu wa mji huu tumezoea miamba kama watu wa pwani walivyozoea mchanga. Tunaipiga nyundo tupate kokoto, tunaiegemezea ukuta wa nyumba, basi. Lakini umri wa itale hii ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe, pamoja na ukubwa wake, ni mtoto mdogo mbele yake: linakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000 tu. Mwanangu aliuliza nani aliyapanga yale mawe moja juu ya jingine, na jibu la kweli linamfaa mtoto kuliko hadithi yoyote. Hakuna aliyeyapandisha. Ulikuwa mwamba mmoja mkubwa chini ya udongo, wenye nyufa zinazokatiza kama mistari ya daftari la hesabu. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakala kingo taratibu, mpaka vipande vikawa mviringo. Mvua ikachukua udongo, mawe yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa. "Kwa hiyo hayakupanda," akasema, "ardhi ndiyo imeshuka." Nikamwambia amepata mia kwa mia.

Mlima wa karibu, basi, ndio matembezi ya kwanza, na ninaupendekeza kabla ya kitu chochote chenye geti. Una kasoro zake. Nyoka wapo, kwa hiyo unakwenda na fimbo na kupiga kelele, na mkono hauingizwi kwenye ufa hata kama mpira umeingia humo. Mvua ikinyesha jiwe linateleza kama sabuni. Na kigari cha kusukuma mtoto usahau kabisa. Cha kwetu tulipewa zawadi, kizuri, kina mfuko wa chupa na mwavuli wake, gurudumu likafa kabla hatujafika kwa mangi wa kona. Barabara zetu na milima yetu ilishapata jibu lake zamani, nalo ni mbeleko. Mtoto aliyebebwa mgongoni anaona mbele ya bega la mama, analala akitaka, na mikono ya mama iko huru kushika jiwe. Ninasema "mama" kwa mazoea tu. Nimembeba binti yangu kwa kitenge kutoka kileleni mpaka nyumbani, wakanicheka vijana wa bodaboda, na siku hizi mmoja wao naye anambeba wa kwake.

Ukitaka geti, anza na Saanane. Kisiwa kinaitwa hivyo kwa Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 kikageuzwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Eneo lote, ukijumlisha na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18. Kwa mtalii aliyetoka Serengeti huo ni mzaha. Kwa mtoto wa miaka minne ndicho kipimo sahihi kabisa, kwa sababu hifadhi hii unaizunguka kwa miguu, na mnyama unamwona kwa usawa wa macho yako badala ya kumwona kupitia dirisha la gari huku ukibishana nani akae dirishani. Kuna swala pala, tumbili, kenge, mamba, na pimbi wa kumwaga. Pimbi ana umbo la sungura aliyekatwa masikio, lakini katika wanyama wanaoishi leo tembo ni miongoni mwa ndugu zake wa karibu. Waambie watoto hivyo kisha uwaache wabishane. Bibi yao ana jibu jingine: anasema pimbi alikosa mkia kwa sababu siku mikia inagawiwa alimtuma mwenzake amchukulie.

Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio katika hifadhi za taifa, jambo ambalo wazazi wengi ninaokutana nao hawalijui. Tulipokwenda tulikuta choo, tulikuta miti ya kivuli, tulikuta mahali pa kukaa na kula tulichobeba. Vitu vyangu vitatu vyote. Ndiyo maana naitaja Saanane kwa moyo mweupe, ingawa boti ikijumlishwa kwa familia ya watu wanne si safari ya kila Jumapili.

Boti yenyewe inazua jambo. Mama mkwe wangu hapandi. Hakuna wa kumlaumu: watu wa kanda hii wamezika. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, ikachukua mamia ya watu. MV Nyerere ikapinduka Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Hofu hiyo imepita kwa watoto kimyakimya, na wazazi wengi wanaigeuza kuwa marufuku: ziwa usilisogelee. Naona ni afadhali iwe masharti. Kuna kuuliza jaketi okozi la saizi ya mtoto kabla hamjalipa, maana la mtu mzima mtoto anachomoka kwa chini kama embe kwenye ganda. Kuna kuvaa kabla ya kukanyaga boti, na hata baba avae, kwa sababu mtoto anaiga asichoambiwa. Kuna kukataa boti iliyojaa na kurudi nyumbani mkiwa mmenuna. Na kuna kwenda asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kabla upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka majini kuja nchi kavu na kuinua mawimbi.

Sasa lile gumu. Ziwa lenyewe.

Mtoto akifika ufukweni anataka jambo moja tu, kuingia majini, na ndilo jambo moja ambalo naamini hatupaswi kumpa. Kichocho kwenye mwambao wa Ziwa Victoria si hadithi ya kutishia watoto. Mnyoo wake unapitia kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, yenye majani, yenye matope kidogo. Hasa pale mtoto anapoona panafaa kuchezea kwa sababu hapana mawimbi. Konokono huachia mabuu yasiyoonekana kwa macho, nayo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Tena hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri, saa ileile ambayo maji yanamwita mtoto kwa jina lake.

Dawa ipo, praziquantel, na watoto wa shule hupewa shuleni. Wadogo zao waliobaki nyumbani walisahauliwa kwa muda mrefu. Kidonge kilikuwa kikubwa na kichungu, na dhana ilikuwa kwamba mtoto mchanga haingii ziwani, kana kwamba mama anayekwenda kufua anamwacha mtoto kwa nani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri tiba ianzie miaka 2. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kukubali kidonge cha watoto wadogo kinachoyeyuka kwenye maji. Hatua nzuri. Ila tuangalie mnyoo huyu anaingiaje ziwani kwanza. Anaingia kwa kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Kwa maneno mengine, ufukwe usio na choo ndio unaomlisha konokono, konokono anamlisha mnyoo, na mnyoo anarudi kwa mtoto. Nilipomtafutia binti yangu choo pale karibu na Bismarck nilidhani natafuta stara tu. Kumbe nilikuwa nimesimama katikati ya duara lote.

Hapo ndipo ninapolitetea bwawa. Maji yenye klorini ya kutosha hayana konokono. Kama mtoto lazima aogelee, na inafaa ajifunze mapema kwa sababu anaishi mji wa maji, ajifunzie huko, mzazi akiwa ndani ya maji naye, si kwenye kiti akiperuzi simu. Ufukweni tunabeba dumu la maji ya bomba na beseni. Beseni linajazwa, linawekwa mchangani, boti za majani zinaelea humo, na ziwa linakuwa picha ya nyuma. Mara ya kwanza niliona ni ujinga. Watoto hawakuona.

Lakini ufukweni wapi? Hili ndilo swali ambalo mji unalikwepa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ilitungwa kulinda maji na viumbe wake, haikutungwa kwa ajili ya familia zinazopunga upepo. Hata hivyo haimkatazi mtu kutembea. Ukiitazama kwa jicho la mzazi, sheria ile imechora, bila kukusudia, mstari mrefu wa kijani kandokando ya ziwa lote la upande wetu. Mita 60 ni nyingi kwa mtoto. Nilimwambia binti yangu azihesabu kwa hatua; alifika kumi na moja akaanza upya.

Nenda sasa ukautafute mstari huo. Utakuta kuta zinazoishia majini, mageti yenye walinzi, viti vya plastiki vya mahali pa kuuzia vinywaji, na kati yake vichochoro vinavyoshuka kwenye mialo ambako kazi inafanyika na mtoto atakanyagwa na mtu mwenye tenga la dagaa. (Mwalo wa Kirumba ni darasa zuri la dakika ishirini kwa mtoto aliyeshikwa mkono: sangara mrefu kuliko yeye, dagaa waliokauka, yangeyange wanaovizia utumbo. Dakika ishirini, si zaidi, na viatu vifunike vidole.) Wilaya mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, zina watu zaidi ya milioni 1 kwa sensa ya 2022. Kwa wengi wao ziwa ni kitu cha kutazama kwa mbali ukiwa mlimani, au cha kulipia ukiwa chini.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na wenzetu wa ziwa hilihili wanatuonyesha. Entebbe wana bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, inashuka mpaka majini, miti yake mikubwa kiasi kwamba kivuli kimoja kinatosha ukoo. Familia zinaingia na mikeka na masufuria. Kisumu, pale Dunga, waliweka njia ya mbao juu ya mafunjo ili mtoto atembee katikati ya ndege bila kulowa miguu wala kukutana na konokono. Mbao na misumari. Sioni kwa nini kipande cha kilomita moja tu, katika mwambao wote wa mji huu, kisipewe njia ya miguu, miti ya mikuyu na miembe, na vyoo viwili vyenye maji na mtu anayelipwa kuvisafisha. Nasema vyoo kabla ya mabembea kwa makusudi. Bembea bila choo ni mtego.

Kuhusu kivuli nitasema kwa kifupi, kwa kuwa kivuli unaweza kukipata bure ukijua saa. Mwanza iko digrii 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwa unamdanganya mtu kwamba jua si kali, jioni ndipo anaona pua ya mtoto imebadilika rangi. Lakini tuna bahati moja ya kijiografia. Saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, ilhali sisi tuko magharibi zaidi, hivyo jua linachelewa kwetu kwa kama dakika 25. Linachomoza saa moja kasoro hivi, na linafika utosini saa saba inakaribia. Ukitoka nyumbani saa moja na nusu una saa tatu nzuri. Tatizo ni sisi wazazi: Jumapili tunatoka saa tano, baada ya ibada, chai na kupiga pasi, kisha tunashangaa mtoto analia.

Bujora, kule Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma, inafaa kwa wenye miaka mitano na kuendelea. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada yana ngoma kubwa, na mtoto akiona ngoma kubwa kuliko yeye mengine yote hayasikii tena. Mwezi wa Juni, wakati wa sherehe ya Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kwa ngoma. Ni vumbi, kelele na furaha. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye kilomita 3, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limekuwa nalo safari ya Jumapili kwa wenye magari. Nilivuka na watoto. Lilikwisha kabla hawajamaliza kugombania dirisha, na mkubwa akauliza kivuko kiko wapi, kwa sababu kwenye kivuko mtu alikuwa anaweza kutembea na kununua karanga. Msafiri mwenye mgonjwa ndani ya gari ana maoni tofauti, na yeye ndiye aliyejengewa.

Yupo atakayeniambia kwamba haya yote ni anasa. Watoto wa mitaa ya milimani, wa Mabatini, wa Igogo, wa Bugarika, wako nje kutwa nzima, wanapanda mawe bila kupangiwa ratiba, hakuna anayewaandikia makala. Ni kweli, na nimelikubali hilo kuliko nilivyotarajia. Matembezi ya watoto tuliyazua sisi wenye mageti. Tulihamia Nyasaka, Buswelu, Kiseke, tukajenga ukuta, tukafunga geti, tukawasha televisheni, kisha tukaanza kutafuta mahali pa kuwapeleka watoto ili waone nje. Mtoto wa mlimani ana mlima, ana wenzake kumi na wawili, na ana macho ya akina mama sita yanayomfuata bila kuonekana. Hana daftari la rangi wala bwawa, na njia yake ya kushuka mvua ikinyesha ni ya hatari kweli. Sitaki kupamba umaskini. Lakini kati yake na wangu, anayetimiza zile dakika 180 bila mzazi kutoa jasho ni yeye.

Kwa hiyo mwezi uliopita tulibadilisha mpango. Badala ya kutafuta mahali papya, tulikwenda kwa bibi yao, Igogo, juu kabisa, ambako daladala inakuacha chini na mengine unamalizia kwa miguu, kwenye ngazi ambazo nusu yake ni jiwe na nusu ni mfuko wa saruji uliogandia humo. Tulichukua dakika arobaini. Kila hatua tano kulikuwa na wa kuamkiwa. "Shikamoo." "Marahaba, wajukuu wa nani hawa?" Bibi mmoja aliyekuwa ameanika michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juu ya mwamba akawapa vipande viwili kila mmoja na kuwaamkia Kisukuma, "Mwangaluka," mkubwa akajibu kwa aibu, mdogo akajibu kwa mdomo uliojaa. Mjusi mwekundu alikuwepo. Ziwa lilikuwa lote chini yetu, na Saanane katikati yake kama punje ya harage.

Tulikuwa bado hatujafika kwa bibi, zimebaki kama nyumba nne, binti yangu akavuta suruali yangu. Neno ni lilelile. Kabla sijageuka kutafuta, sauti mbili za wanawake zikatoka pande mbili tofauti: "Mlete huku, baba." "Mlete hapa, huko kuna foleni." Akachukuliwa mkono na mama aliyekuwa akikaanga sambusa, akapelekwa nyuma ya nyumba kwenye choo chenye mlango wa bati na khanga kwa juu, akarudi amenawishwa mikono na kuvalishwa vizuri kuliko alivyoondoka. Nikashukuru. Mama akasema asante ya nini, akarudi kwenye karai lake.

Kaka yake alikuwa amesimama pembeni akitazama yote haya kwa makini. Akanivuta chini, akaninong'oneza sikioni: "Baba, hapa tunanunua soda gani?"